Taa ya Kushoto

Ukuta ulikuwa wa jirani, lakini wekundu uliouangukia kila jioni ulikuwa wa Mama Mapazia. Alikuwa akirudisha gari kinyumenyume mpaka buti likaribie kugusa plasta, akivuta breki ya mkono, kisha akikanyaga breki ya mguu na kuinua macho kwenye kioo. Upande wa kulia ukuta uliona haya kila mara, wekundu ukaenea hadi juu. Upande wa kushoto haukuonyesha kitu, ila huko kulikuwa na mmea unaotambaa uliofunika plasta yote, na majani yenye vumbi yatarudisha mwanga gani? Alikuwa akijiridhisha hivyo, akizima gari na kuingia ndani kabla giza halijashika.

Dereva haoni taa zake za breki. Ni jambo dogo, na mtu mwenye watu nyumbani anaweza kumaliza umri wake bila kuliwaza. Mguu wako uko mbele, taa iko nyuma, na hapo katikati panahitajika mwenzio. Mama Mapazia alilijua jambo hilo baada ya mumewe kuzikwa, waombolezaji walipokwisha kukunja mikeka yao na kila mmoja kurudi kwake.

Mumewe alikuwa mchora mabango. Kila Jumapili kabla ya chakula cha jioni alisimama nyuma ya gari, kikombe cha chai mkononi, na kutoa amri kama mkaguzi aliyetumwa na serikali. "Kushoto," alisema, naye Mama Mapazia akawasha indiketa ya kushoto, ikaanza kugonga tik, tik. "Ipo. Kulia. Ipo. Breki." Pedali ililia kidogo kila ilipokanyagwa, maana kigari chenyewe kilikuwa kimezeekea mikononi mwa watu wengine kabla ya kuwafikia wao; mchora mabango alipenda kusema kwamba kilikuja kwao kikiwa tayari kina wajukuu. "Breki zipo," alimaliza. "Dereva ndiye sijui kama yupo." Ndipo alipozunguka na kuja kumchungulia dirishani. Utani ulikuwa uleule kila wiki, na kila wiki Mama Mapazia alisonya, na kila wiki alicheka.

Sasa hakuendesha gari usiku. Kazi yake ya kushona na kutundika mapazia katika nyumba za watu aliipanga yote mchana, na mteja aliyetaka jioni alielekezwa kwa fundi mwingine. Dunia yake ilikuwa imejikunja kama kitambaa kilichofuliwa kwa maji ya moto. Hakulalamika. Alikula, akaosha sahani moja, akakaa sebuleni akisikiliza redio ya jirani ikihubiri ng'ambo ya ukuta, akalala.

Kilichomwamsha ni simu ya binti yake, mja mzito wa mimba ya kwanza, aliyeolewa mji wa pili, mwendo wa saa mbili kwa gari.

"Mama, usihangaike siku ikifika," binti alisema kwa upole. "Mama mkwe ameshasema atakuja yeye hospitali. Wewe huendeshi usiku, na mabasi huku yanalala mapema. Utakuja kukipambazuka."

"Sawa, mwanangu," alijibu.

Lakini neno hilo la kukipambazuka lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Uchungu hauna adabu ya kungoja mchana. Mtoto angezaliwa, angepokewa, angevishwa na mikono ya watu wengine, na bibi yake mzaa mama angefika asubuhi na kikapu chake kama mgeni aliyekuja kuhani. Kwa mama mkwe hakuwa na chuki, alikuwa mwanamke mwema. Ubaya ulikuwa kwamba binti alikuwa amekwisha kupanga maisha yake bila yeye, tena kwa huruma.

Asubuhi yake alipeleka gari kwa fundi umeme wa magari.

Fundi huyo alikuwa na mikono yenye kazi na mdomo wenye kazi pia. Alizunguka gari mara moja, akapiga goti mbele na kupitisha kidole kwenye vioo vya taa vilivyokuwa vimegeuka manjano kwa miaka ya jua.

"Hizi zina mtoto wa jicho, Mama," alisema. "Ukiwasha taa, mwanga unabaki ndani unajiangalia wenyewe. Umeendeshaje usiku?"

"Sijaendesha."

"Basi leo tunazifanyia upasuaji."

Alivisugua vioo kwa msasa mlaini na maji, kisha kwa dawa nyeupe, mpaka vikang'aa kama vya dukani. Akafunga balbu mpya zenye mwanga mweupe, akazielekeza kwenye ukuta wa karakana na kuzishusha kidogo kidogo, huku akieleza kwamba taa nzuri ni ile inayokuonyesha njia bila kumpofusha mwenzio. Mama Mapazia, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, alihisi moyo wake ukichangamka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Aliiona barabara ya usiku ikifunguka mbele yake, na yeye akifika hospitali mapema, kabla ya wote.

Kisha fundi akahamia nyuma. Alifungua taa ya kulia, akabadilisha balbu, akaifunga. Akafungua ya kushoto, na mdomo wake ukasimama.

"Mama," alisema baadaye, "nani alikuwa anakuangalizia taa za huku nyuma?"

"Mume wangu. Ni marehemu."

"Mungu amlaze pema. Alikuwa anakwambiaje?"

"Kwamba zipo."

Fundi alimwita kwa mkono, akamwonyesha mahali balbu ya breki inapokaa. Palikuwa pameota kutu ya kijani, na waya ulikuwa umeliwa ukabaki kishungi kifupi kisichofika popote.

"Hii haijawaka miaka, Mama. Indiketa ndiyo nzima. Breki ya kushoto ilikufa zamani."

"Alikuwa anaangalia kila Jumapili."

"Labda alikuwa anaangalia kitu kingine," fundi akasema kwa mzaha, kisha akaona uso wa mama huyo na kuinamisha kichwa. "Nisamehe. Nitaweka waya mpya na balbu mpya. Itawaka."

Mama Mapazia alirudi nyumbani polepole kuliko kawaida, na barabara nzima akawa anajiuliza swali moja. Mumewe hakuwa mwongo. Alikuwa mtu wa kurudisha chenji aliyozidishiwa. Kwa nini basi asimame pale nyuma, wiki baada ya wiki, na kusema ipo?

Jibu lilimjia alipokuwa akingoja kwenye makutano, akitazama bango la zamani la duka la viatu, moja kati ya yale ya mwisho aliyoyachora mumewe. Herufi zilianza sawasawa, kisha zikapanda, zikatoka nje ya mstari kama mbuzi waliokosa mchungaji. Alikumbuka kwamba waligombana juu yake. Alimwambia amefanya kazi ya haraka haraka, naye akajibu kwamba siku hizi watu wanachapisha tu, uchoraji umekwisha, na tangu hapo hakushika brashi. Alikumbuka mumewe alivyoacha kuendesha kwa kisingizio cha mgongo. Alivyoanza kumwomba amsomee gazeti, eti sauti yake ni tamu kuliko habari zenyewe. Chai iliyomwagika pembeni ya kikombe, naye akamtania kwamba mikono imezeeka. Mtoto wa jicho, alisema fundi juu ya vioo vya taa. Mumewe alikuwa haoni. Alisimama nyuma ya gari akisikiliza indiketa ikigonga na pedali ikilia, na alichokisikia ndicho alichosema kipo.

Alipigiwa honi kutoka nyuma. Aliondoa gari, akalisimamisha pembeni, na hapo akakasirika kweli. Alimkasirikia mtu aliyekufa, hasira ya kumtaka arudi walau kwa muda wa kugombana. Kwa nini hukuniambia? Ningekupeleka kwa daktari. Ningekushika mkono. Hasira ilipopungua, kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Tangu msiba alidhani yeye ndiye aliyeachwa peke yake. Kumbe kulikuwa na mtu aliyekuwa peke yake kabla yake, hapo hapo nyuma ya gari, kikombe mkononi, na mkewe ameketi mbele akicheka, bila kugeuka.

Mkwewe, mume wa binti yake, alipiga simu siku chache baadaye, jua likizama.

"Mama, tumefika hospitali. Uchungu umeanza. Amesema nisikusumbue, lakini nimeona nikwambie. Mama yangu yuko njiani."

"Na mimi niko njiani," alisema Mama Mapazia.

Mkoba ulikuwa umefungwa tangu juzi. Alipanda gari, akarudi kinyumenyume hadi ukutani kwa mazoea na kukanyaga breki. Kulia ukuta uliona haya. Kushoto yalikuwepo majani na giza lake. Fundi alikuwa amejaribu taa zote mbele yake, aliziona kwa macho yake; hakukuwa na sababu ya kungoja. Hata hivyo mkono wake ulikataa kuingiza gia. Barabara ya usiku ilikuwa ndefu, magari ya mizigo yangekuwa nyuma yake, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba ipo. Alishuka, akafuata ukuta mpaka mwisho wake, akagonga lango la jirani.

Jirani huyo watu walimwita Bwana Redio, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Zamani alimwita Mama Mapazia shemeji, na yeye na mchora mabango walikuwa wakikopeshana ngazi. Kisha siku moja waligombana, mumewe akasema ni kwa sababu ya ukuta, na salamu zikakatika. Siku ya mazishi Bwana Redio alisimama langoni, akavua kofia, hakuingia.

Alifungua akiwa na redio ndogo kwapani. Alipomwona mgeni wake, aliizima, jambo ambalo halikuwa dogo kwake.

"Samahani kwa usumbufu," Mama Mapazia alisema. "Nasafiri sasa hivi, binti yangu anajifungua. Naomba usimame nyuma ya gari uniangalizie taa. Sina mtu mwingine."

Maneno hayo ya mwisho hakuyapanga. Yalitoka yenyewe, na baada ya kutoka aliona hayakumuua.

Bwana Redio alitazama chini. "Ile ya kushoto?"

"Unaijua?"

"Nilimwambia marehemu. Nilimwambia kwa wema kabisa, jirani, taa yako ya breki ya kushoto imekufa, mke wako atagongwa. Akaniambia ya gari lake hayanihusu, nichunge redio yangu. Nami nikamjibu vibaya. Basi."

"Aliniambia mligombana kwa ajili ya ukuta."

"Ukuta?" Bwana Redio aliutazama ukuta wake kana kwamba ulikuwa umesingiziwa. "Ukuta una kosa gani?"

Mama Mapazia alisogeza gari mbele kidogo ili apate pa kusimama. Kwenye kioo alimwona akijiweka sawa, ndala miguuni, redio kwapani, mgongo umenyooka. Hakujua utaratibu, ikabidi Mama Mapazia mwenyewe autoe dirishani.

"Niambie tu ipo au haipo. Kushoto?"

"Ipo."

"Kulia?"

"Ipo."

"Breki?"

Pedali ililia. Mama Mapazia alikaza mikono kwenye usukani.

"Ya kulia ipo," alisema Bwana Redio. "Ya kushoto haipo."

Mama Mapazia alipaswa kuogopa, maana saa zilikuwa zinakwenda. Badala yake kitu kilimlegea kifuani, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi asiyokuwa na haja ya kumficha mtu. Haipo. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo.

"Usilie, shemeji, ni kifuniko hiki," sauti ilisema kwa nyuma. "Fundi wako hakukikaza, balbu inacheza." Kikasikika kishindo cha kiganja kwenye plastiki, kisha mlio wa kitu kikizungushwa kikakaa mahali pake. "Kanyaga tena."

Alikanyaga.

"Sasa ipo."

"Kweli?"

"Ninaiona. Imenipiga usoni."

Na kweli, kwenye kioo uso wake ulikuwa mwekundu pande zote mbili, umefinya macho, umetulia, unangoja kuambiwa kinachofuata. Mama Mapazia hakuondoa mguu. Mbele yake taa mpya zilikuwa zimelijaza lango kwa mwanga mweupe, mpaka bawaba zilionekana, mpaka herufi za jina la nyumba alizozichora mumewe zamani, zilizonyooka.

"Na dereva?" aliuliza.

Bwana Redio hakuujua utani huo. Alidhani ni taa nyingine. Aliinama, akaweka kiganja kwenye kioo cha nyuma na kuchungulia ndani ya gari kwa makini, kama mtu aliyeombwa kazi na hataki kuikosea.

"Yupo," alisema.

Akaachia breki.