Ukifuta Hapa, Imefutika Kote

Asubuhi ile nilikuwa nimemaliza kuiweka akaunti ya barua pepe ya dada yangu kwenye kompyuta ya duka letu la kuchapa. Kompyuta iliniuliza: barua zishushwe zikae humu, au zibaki kwenye seva, ile kompyuta kuu ya mbali? Nikachagua zibaki. Ndivyo bosi wangu alivyonifundisha. "Hata mashine ikifa, barua zipo," aliniambia. "Ila angalia, ukifuta hapa, imefutika kote."

Zikafunguka picha za majeraha alizotuma daktari: shingo ya dada, taya, meno. Hakimu alizitaka Jumatatu, na hakuna aliyekuwa na nakala nyingine, hata daktari. Bosi akatoka kununua wino ili tuzichapishe.

Akaingia shemeji, mume wa dada. Ni seremala, nyundo ilikuwa mkononi. Aliusukuma mlango kwa kisigino ukajifunga.

"Karibu, shemeji," nilisema. Mdomo wangu una adabu hata pasipohitajika.

"Kumbe bubu anaongea! Nimeambiwa mke wangu kaweka picha zake humu. Futa."

"Shemeji..."

"Futa nione!"

Akanikamata nywele, akanibamiza uso mezani. Damu ya pua ikachuruzika kwenye kibodi. Akaninyanyua, akaukandamiza mkono wangu juu ya kipanya. Kubofya mara moja tu, na dada angesimama mbele ya hakimu mikono mitupu.

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Shule niliachia darasa la tano, na wateja huwajibu kwa kichwa. Siku ile nilipiga ukelele, nikalikumbatia boksi la kompyuta.

"Nipige mimi, shemeji! Boksi usiliguse! Picha zote zimo humu, likivunjika ndiyo basi tena!"

Akacheka. "Sasa si ungesema mapema? Toa mkono."

Sikutoa. Pigo la kwanza liliangukia kiganja changu. Niliusikia mfupa kabla ya maumivu. La pili likatoboa bati. Alipiga kama anayeua nyoka, mpaka vipande vikamrukia ndevuni. Kioo akakipasua. Akachomoa matumbo ya mashine, nyaya na vyote, akayasaga kwa buti. Kisha akanipiga teke la mbavu.

"Mwambie dada yako aende sasa kwa hakimu wake!"

Akaondoka akipiga mluzi.

Bosi alinikuta sakafuni. "Mungu wangu! Nani kakufanya hivi? Inuka mwanangu, hospitali!"

"Kwanza kompyuta yako ya mkobani, mama."

"Una wazimu? Mkono umegeuka nyuma!"

"Mama, tafadhali."

Akaifungua. Niliandika neno la siri kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, nikikosea, nikirudia, damu ikimdondokea bosi kwenye sketi. Picha zikaanza kuja kutoka seva. Shingo. Taya. Meno. Zote zilikuwepo.

Bosi akaanza kulia. Nikauweka mkono wangu uliovunjika mezani, kwenye mwanga.

"Upige picha na huu," nikasema. "Dada aende nayo kwa hakimu."