Tangazo la Fundi Randa

Watu wa kanisa letu wana kumbukumbu ya ajabu. Watakuambia nani alikuja harusini mikono mitupu, lakini wakikuadhibu, wanasahau kukusamehe. Ndivyo ilivyompata Fundi Randa.

Alikuwa seremala, na mabenchi yote ya kanisa aliyatengeneza yeye. Lile la nyuma kabisa, karibu na mlango, lilikuwa na mguu mmoja mfupi. Akiketi, ko! Akisimama, ko! Hakuwahi kulirekebisha. Kinyozi hajinyoi.

Aliwekwa pale na mchungaji wa zamani na wazee wake. Siku yeye na dada yake walipomzika mama yao, Randa alisimama mbele ya waombolezaji akamnyooshea dada kidole: "Huyu ndiye aliyemuua mama kwa njaa!" Dada mtu alikuwa mshonaji wa majoho ya kwaya. Wazee wa kanisa wakamtenga Randa: asiguse meza ya Bwana, akae nyuma mpaka atubu na kupatana na dada yake. Kisha mchungaji akahamishwa, wazee wale wakafa mmoja mmoja, na adhabu ikabaki haina mwenyewe.

Angeweza kuhamia kanisa jingine, na mimi ningehama. Yeye alikuja kila Jumapili akaketi peke yake. Mkate na divai vikipitishwa, shemasi alimruka, si kwa ubaya, alidhani ndivyo mzee apendavyo. Watu wakipeana mikono ya amani, wa mbele yake waligeukiana wao kwa wao. Mkono wake ulibaki hewani, kisha akauingiza mfukoni kana kwamba alikuwa anatafuta leso. Upweke una aibu yake. Humfanya mtu ajifanye ana shughuli.

Nyumbani kwake kulikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana. Alipika chakula cha mtu mmoja, akala amesimama. Dada yake aliishi mtaa wa pili, na Randa akipita dirishani pake alisikia cherehani. Akipiga hodi, cherehani ilinyamaza, lakini mlango haukufunguliwa.

Basi akaja mchungaji mpya, kijana mwenye sauti ya kuamsha wafu. Akahubiri toba. "Mwiba wa mguuni hautoki kwa kuvaa soksi!" alinguruma. "Nani leo anataka kurudi kundini?"

Ko! Randa akasimama. Akaenda mbele, kofia mkononi.

"Mchungaji, mimi nilitengwa. Nataka kulitaja kosa langu mbele ya hawa…"

"Usilitaje, mzee wangu!" Mchungaji akamkumbatia. "Mungu akisamehe hakumbuki tena! Yaliyopita si ndwele. Kanisa, tumpokee?"

"Tumpokee!"

Makofi, vigelegele, kinanda kikadakia. Wengi hawakujua wanamsamehe nini, na hilo halikuwapunguzia furaha hata kidogo.

Randa akatazama benchi la tatu. Dada yake alikuwa ameketi, mikono mapajani. Hakupiga makofi. Hapo Randa akaelewa, na moyo ukamuuma: yeye ameoshwa, dada yake bado ana tope lile lile alilomrushia. Kosa watu walilisahau, ila shaka juu ya dada ilibaki. Nguo walimpelekea ashone, lakini zamu za kuwahudumia wagonjwa zilipopangwa, yeye hakuitwa.

Akageuka, akarudi nyuma.

"Mzee, nafasi iko huku mbele sasa!" Mchungaji alimwita. Randa akatikisa kichwa. Ko!

Ikafika saa ya matangazo. Katibu, mama mmoja wa miwani mizito, akauliza, "Kuna mwenye tangazo jingine?"

Ko!

"Mimi," alisema Randa. "Langu ni la msiba wa mama yetu."

"Pole jamani. Umetokea lini, Fundi?"

"Ule ule wa zamani."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, nao wakaacha.

"Nilisema dada yangu alimuua mama kwa njaa. Niliongopa. Ugonjwa ulimkataza mama kula. Dada alimpa maziwa kwa kijiko, tone kwa tone. Alituma watu waniite, sikuja. Niliogopa kumwona mama katika hali ile. Nilipofika alikwisha kufa, nikaogopa mtaniuliza nilikuwa wapi. Nikamtupia dada. Ni hilo tu."

Katibu alishika kalamu asijue aandike au aache. Mwishowe akakohoa, akasema mazoezi ya kwaya ni Jumatano.

Baada ya ibada watu walitoka kwa mlango wa pembeni, ambao kwa kawaida hautumiki. Makofi yaliwatoka kwa urahisi, salamu ikawashinda. Hata mchungaji alijifanya anakunja waya za vipaza sauti. Randa akabaki peke yake kwenye benchi, akalia bila kuficha uso.

Dada yake ndiye aliyekuja atoke kwa mlango ule wa nyuma, mfuko wa majoho begani. Alisimama mbali kidogo. Hakumkumbatia. Hasira iliyolala naye miaka yote ile haingeamka ikaondoka kwa tangazo moja.

"Kila Jumapili," alisema, "nikiinamisha kichwa nisali, nasikia ko! Fundi mzima, benchi linakushinda!"

Randa akajifuta pua. "Nitalirekebisha, dada. Kesho asubuhi."

"Nani kakwambia ulirekebishe?" Sauti yake ilikuwa kali bado. "Nitajuaje kama umekuja?"

Akatoka zake bila kuaga. Alipofika kizingitini, Randa akainuka. Ko!

Dada hakugeuka, lakini alisimama.