Samaki Wapole wa Mto Migori

Masika ya mwaka 1996 yalileta samaki wapole katika mto Migori, na mji mzima ukafurahi isipokuwa mwanamke mmoja.

Mwanamke huyo aliitwa Phelesia Auma. Alikuwa ameuza samaki karibu na daraja kwa miaka kumi na minane, na ulimi wake ulijulikana hata kuliko samaki wake. Aliwajua ningu vizuri. Kila mvua zikianza, ningu hupanda mto kutoka ziwani kwenda kutaga mayai, na huwa na mbio za ajabu: kivuli cha mtu kikigusa maji, wameshapotea. Mwaka huo walielea kando ya ukingo kama wageni waliosahau nyumba wanayoitafuta. Watu waliingia majini na kuwaokota kwa mikono, wakicheka. Mhubiri mmoja alisema ni baraka.

Omondi, mdogo wa mumewe, ndiye aliyekuwa akimvulia. Asubuhi hiyo alitua matenga mawili yaliyojaa hadi pomoni.

"Shemeji, mwaka huu Mungu amewafunga miguu!"

"Samaki hana miguu," Phelesia alijibu. "Na huyu hana akili pia. Samaki asiyemkimbia mtu ni mgonjwa."

"Au amenizoea."

"Hata mke wako bado hajakuzoea."

Omondi alicheka, lakini Phelesia alikuwa ameshashika kisu. Alimpasua ningu wa kwanza. Ini lake, ambalo hutakiwa kuwa jekundu lililoiva, lilikuwa la manjano, limevimba, na lilimegeka chini ya kidole kama ugali uliolala. Alimpasua wa pili, kisha wa tatu. Akachukua mumi mmoja, kambare mkubwa, mnono, wa kuliwa na ukoo mzima, na ndani yake mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alipofika wa kumi aliweka kisu chini.

"Leo siuzi," alisema.

Millicent, jirani yake mwenye hoteli ndogo, alikuja mbio. "Mama Akinyi, mwaka mzima unalia samaki hakuna. Leo wamejaa, unatunyima?"

"Nakunyima ugonjwa, dada. Utanishukuru."

Millicent hakumshukuru. Alinunua kwa mwingine.

Phelesia alitia yale maini kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akaenda nao moja kwa moja kwenye ofisi ya uvuvi. Humo alimkuta Zablon Nyarangi, kijana aliyemaliza chuo juzijuzi, akinywa chai. Phelesia aliuweka mkebe kando ya kikombe, akafunua kifuniko. Zablon alisogeza chai yake taratibu.

"Mama, hii ni nini?"

"Maini. Mimi si daktari, lakini nimepasua samaki tangu ukinyonya. Angalia."

Zablon alianza kuangalia kwa heshima tu, kisha akaangalia kwa macho mawili. Alitoa daftari. Baada ya muda walikuwa wote ukingoni mwa mto, yeye amekunja suruali hadi magotini, akimgusa ningu mmoja kwa kijiti. Ningu yule aligeuka ubavu, akabaki hivyo. Zablon aliazima barafu kwa muuza soda, akafunga samaki sita, ningu na mumi, akawatuma maabara.

"Majibu ni lini?" Phelesia aliuliza.

"Miezi sita, mama. Pengine minane."

"Na samaki watangoja?"

Zablon alitazama maji yalikotoka. "Ninashuku dawa za wadudu. Huko juu, Kuria, tumbaku imelimwa hadi kando ya vijito, na vijito vyote vinaingia humu."

"Basi twende juu."

Gari la ofisi lilikuwa halina giaboksi tangu Krismasi. Walipanda gari la abiria hadi Kehancha, na kutoka hapo wakachukua boda boda, baiskeli mbili zenye viti vya sponji. Phelesia alikuwa mwanamke wa kimo na upana. Kwenye mlima wa kwanza dereva wake alihema akamwomba ashuke kidogo.

"Nimelipa nipande," Phelesia alisema. "Shuka wewe, usukume."

Kijana alishuka, akasukuma, akicheka mwenyewe. Njiani, kila walipopata tambarare, Zablon alimweleza jinsi dawa inavyoingia mwilini mwa samaki.

Waliteremkia kijito kimoja, wakamkuta mama mmoja akisuuza pampu ya kunyunyizia dawa. Povu jeupe lilikuwa likielea kuelekea chini, kuelekea Migori. Mama huyo aliitwa Rael. Kabla hajajibu salamu, mumewe, Maroa, alitokea kwenye kitalu cha miche ya tumbaku, uso umekunjwa.

Zablon alianza kwa maneno marefu ya chuoni. Maroa alimkatiza. "Ninatia kifuniko kimoja tu cha dawa kwa pampu nzima. Kifuniko kimoja! Kitaudhuru mto wote huu?"

Phelesia ndiye aliyemgeukia Rael. "Dada, jiko lako liko wapi? Nionyeshe."

Wakaingia wote wanne katika jiko la nyasi. Phelesia alinyoosha kidole juu, kwenye paa lililokuwa jeusi tititi.

"Nani alipaka rangi hii?"

Rael alitabasamu. "Hakuna aliyepaka. Ni moshi."

"Moshi wa siku gani?"

"Wa kila siku."

"Leo ulipochemsha chai, uliuona ukishika pale?"

"Hapana."

"Basi ndivyo ilivyo. Samaki anakula kidudu chenye dawa kidogo leo, kesho kingine. Haitoki. Inalala kwenye mafuta yake. Halafu mumi anakuja, anawala samaki mia wa namna hiyo, na yote waliyobeba inakuwa yake."

Maroa alitazama paa muda mrefu, kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Lakini aliyesema ni Rael.

"Mimi ndiye ninayenyunyiza. Nikimaliza, mikono inaniwasha siku mbili. Usiku sishiki hata kikombe."

Maroa aligeuka. "Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Maroa alijikalisha kwenye kigoda cha mkewe. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tumbaku ndiyo inayosomesha watoto wangu. Siwezi kuing'oa."

"Sijasema uing'oe," Zablon alisema, safari hii kwa Kiswahili cha kawaida. "Chimba shimo mbali na kijito, pampu zioshewe huko. Vitalu uvihamishie juu kidogo. Na ukiona wingu la mvua, usinyunyize."

"Shimo nitachimba. Na pampu nitabeba mwenyewe. Lakini majirani je?"

"Hao niachieni," alisema Phelesia.

Alirudi huko mara nne mwaka huo. Wengine walimsikiliza kwa sababu ya hoja zake, wengine kwa sababu aliwachekesha, na mmoja alimfungulia mbwa. Huyo wa mbwa, Maroa alimwendea mwenyewe, wakabishana kutwa, na wiki iliyofuata shimo likachimbwa. Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Wateja walimhama. Omondi alinuna miezi miwili, maana shemeji yake alikuwa akifuata samaki wa ziwani mpaka Homa Bay huku wa mlangoni wakielea.

Majibu ya maabara yalifika Novemba. Zablon aliyaleta mwenyewe hadi sokoni.

"Wanasema nini?"

"Wanasema ulichosema."

"Kwa Kiingereza?"

"Kurasa tisa."

Phelesia alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akataka kusomewa sehemu ya mumi. Dawa ilikuwa imeonekana kwa samaki wote, na kwa mumi ilikuwa nyingi kuliko kwa wengine. Akaomba irudiwe. Safari hii hakucheka. Wanawe walikuwa wamelelewa kwa vichwa vya mumi.

"Na watoto wangu, Zablon?"

"Sijui, mama," kijana alisema. "Ningekuwa najua ningekuambia."

Phelesia alimshukuru kwa kutomdanganya. Omondi, aliyekuwa amesimama nyuma akijifanya anatengeneza wavu, hakuleta tena mumi wa mto tangu siku hiyo.

Masika yaliyofuata, Rael alishuka Migori kwa mara ya kwanza, amevaa gauni la kanisani na kubeba gunia la viazi vitamu. Mikono yake ilikuwa imepona kiasi. Mashimo kumi na mawili yalikuwa yamechimbwa huko kwao, ingawa Zablon alionya kwamba matope ya mto hushika dawa kwa miaka. Omondi alikuja na karai la ningu, na mmoja akaruka kwa nguvu, akapiga mkia na kummwagia Rael maji kuanzia kifuani hadi viatuni.

"Samahani sana, mama!" Omondi alisema.

"Usimwombee samahani," Phelesia alisema. "Mshike!"

Walimkimbiza sokoni, wanawake wawili wazima, hadi chini ya meza ya Millicent. Walipompasua, ini lilikuwa jekundu. Phelesia alimwonyesha Rael mahali pa kukata na namna ya kubonyeza kwa kidole. Wa pili ini lake lilikuwa la manjano. Wakamweka kando wamzike, na Rael akajifuta mikono, akaomba kisu, akamchukua wa tatu.