Kufuli la Maduka Matatu

Mwaka ule wa 2008, siku moja, Damas alikuwa kiguu na njia tangu asubuhi. Kila baada ya dakika kumi alirudi kwenye kafe ya intaneti ya Noeli, karibu na stesheni ya Dodoma, kuuliza kama kufuli limeshatokea.

Aliuza asali ya kijiji cha Busi mtandaoni, kwenye tovuti tatu zenye majina matatu. Mbili za bei mbaya alizibuni mwenyewe ili mteja akilinganisha aone ya tatu ni nafuu. Ujanja gani huo, na asali yenyewe ilikuwa nzuri.

Mteja wake mkubwa, Mama Scolastika mwenye hoteli, alikuwa amegoma kulipa mtandaoni mpaka aone kufuli, alama kwamba tovuti ina cheti cha usalama.

"Cheti kimoja kinabeba majina yote matatu," Noeli alikuwa amemshauri. "Ni rahisi kuliko kununua vitatu."

Damas hakuuliza la pili. Kitu cha rahisi hakikumpita.

Saa nane mchana kufuli likatokea. Kabla hajamaliza soda ya kujipongeza, simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kufuli nimeliona, nikalibofya. Nimekuta maduka yote matatu kwenye cheti kimoja."

Damas akamgeukia Noeli. Noeli akainamia kibodi.

"Mwezi mzima nakusifu kwa bei, kwamba umewashinda wenzako wawili," mama akasema taratibu. "Basi wasalimie. Waambie na asali yako siitaki."