Tanuri Letu

"Wakili wako yuko wapi, mama?" hakimu aliuliza.

"Sina, mheshimiwa. Nimekuja na ukweli wangu."

Vicheko vikapita mabenchini. Mwoka mikate alijitia hakuvisikia, mikono yenye makovu ya moto ameifumbata kifuani. Ndoa alikwisha kuizika moyoni. Alilolijia ni tanuri, lile alilolijenga mamaye kwa matofali uani, katika nyumba aliyomrithisha kabla hajaolewa. Mume aliingia humo na sanduku la nguo tu.

Wakili wa mume akainuka, sauti laini kama samli.

"Shikamoo, mama yangu. Mikate yako tumeila sote, tamu kweli. Hebu nisaidie: tanuri lile ni la nani?"

Alikulia katika nyumba ambamo neno "langu" lilikaribia kuwa tusi. Mtoto akisema "sahani yangu", mama humkata jicho: "Umezaliwa nayo? Sema yetu." Basi akajibu kiungwana, kama alivyofunzwa.

"Ni letu, mwanangu."

"Na nyumba?"

"Yetu."

"Sina swali zaidi, mheshimiwa."

Akaiona kalamu ya hakimu ikikimbia, ndipo moyo ukamlipuka.

"Mheshimiwa, nimesema vile kwa adabu! Ni la mama yangu, kanipa mimi!"

"Mahakama huandika lililosemwa, mama. Adabu haiandikwi. Una shahidi?"

"Aliyelijenga yuko kaburini."

"Basi hawezi kuapa."

Ndoa ikavunjwa. Nyumba na uani, vyote viuzwe, wagawane nusu kwa nusu.

Mlangoni mume alimngoja, meno nje.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, bibi wee. Ungetamka 'langu' tu, wakili wangu angekosa pa kushika." Akajifuta jasho. "Mnunuzi anakuja leo alasiri. Tanuri halitaki. Pale anataka choo."

Akampita, akashika njia. Nyumbani unga aliouacha umefunikwa ulikuwa umeumuka hadi kumwagika ukingoni mwa beseni, na unga ulioumuka haujui hukumu. Akaukata, akaufinyanga, akawasha moto.

Mnunuzi alipofika, mume alimtangulia akimwonyesha mipaka ya uani kwa kidole. Mgeni yule akanyoosha mkono kuyapapasa matofali, akaurudisha upesi, akipuliza vidole.

"Litapoa lini hili?"

Mwanamke aliinama, uso mwekundu kwa mwanga wa makaa, akaongeza kuni.