Vitanda vya Rangi Mbichi

Watoto wa kituo chetu cha malezi wananiita Mama Kagua, na wala sijachukia. Kazi yangu ni kwenda majumbani kwa watu, kuketi, kunywa chai nisiyoitaka na kuangalia kama mtoto wao anaweza kurudi pale. Zamani kanisa letu lilijua kupokea tu. Mzazi akishindwa analeta, sisi tunaogesha, tunalisha, tunasomesha, tunaombea. Siku hizi tumeelewa, tena kwa kuchelewa, kwamba wengi wa watoto hao wana watu wao, na watu hao wakishikwa mkono kidogo wanasimama. Ndiyo maana nakagua.

Fundi wa kuchomelea alituletea binti zake wawili mkewe alipofariki. Mkubwa alikuwa anaanza shule, mdogo hata kutembea alikuwa hajakukamilisha. "Ni kwa muda tu, dada," aliniambia, huku kambeba mmoja na kumshika mwingine mkono. Muda ukawa miaka. Hakukosa kuja kuwaona Jumapili hata moja, hilo namsifu. Lakini yule mdogo, tunayemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haupumziki, alikuwa ameanza kumwita mlezi wa bweni "mama". Baba yake akija, anajificha nyuma ya sketi ya mlezi na kuchungulia kwa jicho moja. Siku ya kwanza jambo hilo lilipotokea, nilimwona fundi ameinama anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Basi akaja ofisini kuwaomba wanawe. Dada yake, ambaye ni mjane, alikuwa amehamia chumba cha pili, angewaangalia wakitoka shule. Mchungaji, ambaye ndiye mkuu wa kituo, alikubali, ila kwa sharti moja: kila mtoto awe na kitanda chake. Safari iliyotangulia nilikuta godoro moja sakafuni, na ni mimi niliyelisema kikaoni. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Wasiporudi sasa, wangesubiri mwaka mzima, na mwaka mzima ungetosha Kasuku kumsahau baba yake kabisa. Fundi alilijua hilo, nami nililijua.

Jumamosi nikawachukua wasichana, tukaenda.

Chumba kilikuwa kimefagiliwa hadi kwenye kona. Nyuma ya pazia palikuwa na vitanda viwili vya chuma vilivyopakwa rangi ya bluu, mashuka yamenyooshwa vizuri. Moyo wangu ukatulia. Fundi alikuwa anatiririka jasho, nikadhani ni furaha.

"Changu kipi?" Kasuku akauliza.

Fundi akasita. "Hicho cha dirishani."

Kasuku akapanda, akashika nguzo kwa mikono miwili, viganja vikatoka vya bluu. Nami nilipogusa, kidole kikanasa.

"Fundi, rangi mbichi hii."

"Nimemaliza jana, dada."

"Umejitahidi kweli," nikamwambia, naye akainamisha kichwa kama mtu aliyekaripiwa.

Shangazi yao alikuwa anamimina chai tuliposikia mkokoteni ukisimama nje, kisha sauti ya mwanamke. "Fundi! Vitanda vyangu tayari? Nina wageni jioni hii!"

Alikuwa Mama Gesti, mwenye nyumba ya kulala wageni ya mtaa wa pili, mwanamke ambaye akinong'ona jirani wa tatu anaitika. Aliingia bila hodi, akayaona mashuka. "He! Umeshavilalia?"

Shangazi akaweka birika chini. Mimi nikamkazia fundi macho mpaka akakosa pa kutazama.

"Umenidanganya," nikasema. "Tena mbele ya wanao."

"Nimekudanganya, dada, sikatai. Chuma kinachopita mikononi mwangu chote ni cha watu. Nilidhani ukiona hivi, nitahangaika nitafute vingine kabla hujarudi kukagua. Ningekuambia sina, ungeniachia watoto leo?"

Nisingemwachia. Hasira zangu zikaongezeka kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Mama Gesti aliposikia habari yenyewe, sauti ilimshuka. "Jamani, mimi sikujua. Lakini vitanda nimeshalipia, na wageni siwezi kuwalaza wima." Hakuwa na kosa. Mwenye mkokoteni alikuwa mlangoni anasubiri.

Aliyekataa ni Kasuku. Alilala kifudifudi, akaukumbatia upau wa kitanda. "Changu! Baba kanitengenezea!"

Baba. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akilitamka neno hilo. Fundi akamnyanyua polepole, na mtoto akakiacha chuma, akamkumbatia yeye shingoni, shati lote likachafuka bluu. Vitanda vikatoka, naye bado kamng'ang'ania. Nilipomwambia kwamba tunarudi kituoni, ilibidi tumbandue kidole kimoja kimoja. Binti mkubwa alinifuata tu, na huko njiani nililia. Nilikuwa na hasira na kila mtu, wa kwanza mimi mwenyewe.

Kituoni, mlezi wa bweni alikuwa na uhakika kwamba wasichana hawarudi tena. Magodoro yao alikuwa ameshayakunja, mashuka ameyafua na kuyaanika. Vitanda vyao vilikuwa vimesimama vitupu, chuma tu. Nikavitazama kitambo pale mlangoni, kisha nikaenda moja kwa moja kwa Mchungaji.

"Wale watoto wakienda kwao, vitanda vyao vinabaki kufanya nini?"

"Vitangoja wengine."

"Wengine gani? Si tulikubaliana kazi yetu ni kuwarudisha?"

"Ni mali ya kituo, mama. Wafadhili walivitoa kwa ajili ya kituo. Hata maandishi vinayo."

"Walivitoa kwa ajili ya watoto. Kituo hakilali, Mchungaji."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati ingawa ilikuwa safi. "Na huyo fundi aliyekudanganya?"

"Huyo niachie mimi. Amedanganya kwa kuwa anawataka wanawe. Tunao wazazi ambao hawajawahi kutudanganya, maana hawajawahi kuja."

Akairudisha miwani usoni. Kisha akaanza kukunja mikono ya shati. "Spana iko stoo," akasema. "Mimi nitashika upande wa kichwani."

Kesho yake baada ya ibada tulivipakia kwenye mkokoteni, wasichana wakitembea nyuma na mafurushi yao. Mama Gesti naye alituma mito miwili bila kuombwa. Kabla sijamkabidhi fundi chochote, nilimweka kando nikamwambia, "Ukinidanganya tena, nitakuhamishia kituoni wewe mwenyewe, ulale na watoto wa chekechea." Aliitikia kwa adabu. Halafu akapitisha kidole kwenye maungio ya vitanda, akakunja uso. "Hivi aliyechomelea hapa alikuwa anasinzia?" Hata asante alikuwa bado hajasema.

Kasuku alitaka bluu. Baba yake akapaka saa ileile, na kwa kuwa rangi ilikuwa haijakauka, usiku wa kwanza wote watatu walilala kwenye lile godoro moja la sakafuni. Shangazi yao aliniambia hayo huku akicheka. Sikuyapeleka kikaoni.

Kule bwenini pamebaki pengo la vitanda viwili. Mlezi hapapendi, anasema panaonekana vibaya mbele ya wageni wa kanisa. Juzi akaniuliza tupaweke nini, labda kabati, na wageni wakiuliza aseme nini.

"Usiweke kitu," nikamwambia. "Wakiuliza, waambie wenyewe wamekwenda kwao."