Mashindano Yaliyokosa Uwanja

Mutindi alikuwa nahodha wa timu ya voliboli ya wanawake pale chuo kikuu jijini Nairobi, na hakuna aliyebisha juu ya hilo. Alizaliwa Nunguni, kwenye vilima vya baridi ambako mpira ukikuponyoka huteremka hadi kwenye shamba la kahawa la jirani, na labda ndiyo maana alijifunza mapema kutouacha uanguke. Akiruka wavuni, hata wanafunzi wa uhandisi waliacha vitabu vyao wakaja kusimama kando ya uwanja. Alichagua kusomea usimamizi wa michezo kwa sababu moja tu: siku magoti yatakapochoka, alitaka abaki karibu na mpira.

Rafiki yake Wamucii hakuweza hata kupiga mpira ukavuka wavu. Baba yake, Mzee Ng'ang'a, alitoka Murang'a zamani akafungua duka Sultan Hamud, kando ya barabara ya Mombasa, na binti alikulia mle dukani akisikia Kikamba zaidi ya Kikuyu. Mwaka wa kwanza darasa zima lilimcheka. Mtu asiyejua kucheza anasomea michezo ya nini? Mutindi ndiye aliyemtetea. Walikaa chumba kimoja, wakapika chai kwenye jiko moja, wakaazimana sweta. Mutindi alipenda kumtetea. Ni rahisi kumpenda mtu ambaye huoni atakavyokupita.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa tatu. Daktari Mulei, mhadhiri wao, aliwapa kazi ya kupanga mashindano ya shule za wasichana katika sehemu kavu, mbali na mji. Mutindi aliandika juu ya mazoezi, waamuzi na ratiba ya mechi. Wamucii aliandika wasichana watalala wapi, maji yatatoka wapi, nani atakaa na msichana atakayeugua akiwa mbali na kwao, na jioni watasafirije kurudi ikiwa mechi itachelewa. Daktari Mulei aliisoma kazi yake mbele ya darasa, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Huyu ndiye atakayeajiriwa kwanza kati yenu," akasema.

Watu wakacheka, naye Mutindi akacheka pia. Lakini jioni ile, Wamucii alipomuuliza kama wapike chai, alijibu kwamba kichwa kinamuuma.

Likizo ya Pasaka walikwenda pamoja Nunguni. Mutindi alikuwa amempeleka nyumbani mara nyingi, ila safari hii aliona vitu ambavyo hakuwa ameviona. Mama yake, Kalunde, alimpa Wamucii kile kiti cha mbao chenye mgongo, kisha akakaa naye chini ya paa la jikoni akimwonyesha jinsi ya kuanza kitako cha kiondo, kikapu cha kusuka. Walikuwa wakicheka kwa Kikamba, na wala hawakutazama nyuma Mutindi alipoingia na maji.

"Huyu mtoto ana mikono ya kusikia," Kalunde alisema. "Wewe nilikufundisha ukakimbilia mpira."

"Mwaitu, mpira ndio ulionipeleka chuo kikuu," Mutindi akamjibu mama yake.

"Na yeye je? Si mko naye huko huko?"

Wamucii aliinamia kiondo. Mutindi akatoka nje akasimama penye baridi, akihisi kitu kama kaa la moto chini ya mbavu. Alijiambia ni upuuzi, mtu hawezi kumwonea mwenzake wivu kwa sababu ya kiti na kamba za katani. Hata hivyo kaa lile lilibaki pale pale.

Mwaka wa nne, kila kundi la wanafunzi lilitakiwa kuandaa mashindano halisi kama sehemu ya mtihani. Kundi lao lilipewa shule za wasichana za Ukambani, na Daktari Mulei akamteua Wamucii kuwa mratibu. Mutindi aliwekwa kuwa msaidizi wake. Ilijulikana kwamba shirika moja kubwa jijini, lenye timu zake za voliboli, lilikuwa likitafuta ofisa wa michezo, na kwamba mtu wao angekuja kutazama. Mutindi alikuwa akiiota kazi ile tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa amekwisha kujiona akiwa na filimbi shingoni na timu nzima ikimsikiliza.

Wamucii alichagua Sultan Hamud kwa sababu magari yote hupita hapo. Alizungumza na mwalimu mkuu wa shule ya msingi, akapewa uwanja na madarasa ya kulala. Alizialika shule, moja ikiwa ya mbali sana, kutoka Kyuso, ambako wasichana walikuwa hawajawahi kucheza nje ya Kitui.

Wiki mbili kabla ya mashindano, Mutindi alikwenda Nunguni kumwona mama yake. Jumapili baada ya ibada, mjomba wake, Mchungaji Jonah, alimwita kando.

"Nimesikia mtakuwa Sultan Hamud Jumamosi ile," alisema. "Kamati ya shule imetupatia uwanja huo kwa mkutano wa injili. Wahubiri wanatoka mbali, hatuwezi kubadilisha. Nafikiri mwalimu mkuu hakuambiwa. Mwambie mwenzako mapema, atafute mahali pengine au asogeze siku."

"Nitamwambia, mjomba," Mutindi akajibu, na kwa kweli alidhamiria kumwambia.

Alirudi Nairobi akamkuta Wamucii mlangoni kwa Daktari Mulei, wawili hao wakicheka juu ya jambo ambalo hakulielewa. Akasema atamwambia kesho. Kesho yake Wamucii alikuwa na mgeni kutoka lile shirika, bwana mmoja mwenye tai, aliyemuuliza maswali kwa heshima kana kwamba tayari ni mfanyakazi mwenzake. Mutindi alisimama pembeni akiwa amebeba mipira kwenye wavu kama mpagazi. Siku ile aliacha kujiambia kesho. Alinyamaza tu, na kila siku iliyopita ikafanya kunyamaza kuwe rahisi zaidi.

Wasichana wa Kyuso waliwasili Ijumaa kwa lori la shule, vumbi jekundu hadi kwenye kope, wakiimba. Wamucii aliwapokea kwa chai na maharagwe. Asubuhi ya Jumamosi, waliofika uwanjani kwanza walikuta hema kubwa lililosimikwa alfajiri katikati, vipaza sauti kwenye nguzo, na mabenchi yamepangwa hadi golini.

Wamucii alimkimbilia Mchungaji Jonah, na Mutindi akamfuata kwa nyuma kwa sababu hakuwa na njia ya kutomfuata.

"Lakini binti yangu, nilituma habari," mchungaji alisema kwa mshangao. "Nilimwambia Mutindi mwenyewe, wiki mbili zimepita."

Wamucii aligeuka. Hakumtazama Mutindi kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha njia ili ajue yuko wapi. Kisha akamgeukia mchungaji.

"Basi ni mimi nilichanganya siku," alisema. "Tusamehe, Mchungaji."

Bwana mwenye tai alikuwa ndiyo kwanza afike hatua chache kutoka hapo, na Daktari Mulei kando yake. Wote wawili walisikia maneno hayo ya mwisho tu.

Walijaribu kuokoa siku. Nyuma ya stesheni ya reli palikuwa na kiwanja kitupu, wakakifagia kwa matawi, wakaokota mawe na miiba, wakafunga wavu kati ya nguzo mbili. Mutindi alifanya kazi kuliko wote, jasho likimtoka, akitumaini kwamba mikono yake itasema kile ambacho mdomo wake ulikataa. Mechi ya kwanza ilikuwa ya Kyuso. Msichana wao mmoja, Muthoki, aliruka vizuri sana, vizuri hata Mutindi akasahau kila kitu kwa kitambo, kisha akatua juu ya jiwe lililokuwa limebaki limefukiwa nusu. Akaanguka, na mkono ukavunjika chini ya kiwiko. Hakulia. Aliushika mkono wake akaendelea kuutazama, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Mashindano yaliishia hapo. Kutoka kule shuleni mlio wa vipaza sauti uliletwa na upepo, watu wakiimba nyimbo za sifa. Bwana wa shirika aliondoka kabla ya saa sita.

Juma lililofuata Daktari Mulei alitangaza kwamba mratibu asiyehakikisha uwanja wake hajafaulu. Barua ya kumpendekeza mtu kwa lile shirika ingekuwa ya Mutindi. Wenzake walimpongeza. Alikuwa amepata alichokitaka, na alingoja furaha ije.

Iliyokuja si furaha. Wamucii alihamisha vitu vyake kwenye chumba kingine bila kugombana. Walipokutana kwenye foleni ya chakula alisalimia. Hakumwambia mtu yeyote. Mutindi alingoja ashtakiwe, atukanwe, hata asengenywe, na ilipokuwa kimya siku baada ya siku, lile kaa likawaka upya. Kisha akasikia kwamba Wamucii amesafiri peke yake hadi hospitali ya Kitui kumwona Muthoki, akampelekea matunda na kukaa naye mchana kutwa. Mutindi alilala akitazama dari. Sasa mwenzake alikuwa amemshinda hata katika wema, na alijua kwamba hilo atalibeba hata akipewa ofisi yenye jina lake mlangoni.

Asubuhi alikwenda kwa Daktari Mulei akamweleza yote, amesimama, mikono nyuma.

"Kwa nini unaniambia leo?" Daktari Mulei akamuuliza.

Mutindi alitaka kusema ni dhamiri. "Sitaki awe yeye peke yake aliye mwema," akasema.

Mhadhiri akavua miwani. "Jibu baya," alisema taratibu. "Lakini naona ni la kweli."

Matokeo ya Wamucii yalisahihishwa, na barua ikaandikwa upya kwa jina lake. Mutindi aliambiwa arudie mazoezi ya kazi, maana yake angehitimu mwaka mmoja baada ya wenzake. Jioni hiyo alimkuta Wamucii akianua nguo kwenye kamba nyuma ya bweni.

"Nimesikia," Wamucii alisema. "Sikukuomba ufanye hivyo."

"Najua. Kwa nini hukunitaja siku ile?"

"Kwa sababu ya wale wasichana. Walikuwa wamesimama pale wakitungoja, na sisi tuanze kugombana?" Alikunja shuka, pembe kwa pembe. "Halafu nilikuwa nimechoka. Tangu Pasaka, kwa mama yako, ulikuwa ukiniangalia kama mtu aliyeketi kwenye kiti chako."

Mutindi akaanua nguo moja akampa.

"Unafikiri mimi sikukuonea wivu?" Wamucii aliendelea. Sauti yake haikupanda. "Miaka yote nilikaa kando ya uwanja nikikuona unaruka, watu wanashangilia. Nilirudi chumbani nikajaribu kuruka mbele ya kioo, ukiwa bafuni. Nilikuonea wivu mpaka nikaugua. Lakini sikukukata miguu, Mutindi."

Alichukua beseni lake la nguo akaingia ndani, na Mutindi akabaki kati ya kamba tupu.

Hawakurudi kuwa marafiki. Wamucii aliipata kazi ile. Mutindi alirudia mazoezi yake, akahitimu, akapelekwa kufundisha katika shule moja ya wasichana ng'ambo ya Kitui mjini, ambako alifundisha voliboli kwa bidii na kwa ukali kidogo. Kabla ya muhula wake wa kwanza kuanza alikwenda kwa kina Muthoki. Mkono ulikuwa umeunga, ingawa haukunyooka sawasawa. Alimwambia msichana ukweli mbele ya wazazi wake. Baba mtu alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia asirudi tena, naye akaona ni haki yake.

Jioni moja ya mwezi wa nane, akiwa anasahihisha mitihani, redio ilitangaza kwamba timu ya wanawake ya shirika lile imechukua ubingwa wa taifa, na mtangazaji akamsifu ofisa wao wa michezo, Bi. Wamucii wa Ng'ang'a, kwa maandalizi mazuri. Mutindi alinyoosha mkono akaizima redio. Alisahihisha karatasi moja, akaanza ya pili, akashindwa kusoma kilichoandikwa. Akaiwasha tena, akaongeza sauti, akasikiliza habari hadi mwisho.